Namna ya Kuzuia Metali Isichujuke Kutoka Kwenye Vichocheo vya Kubadili Kemikali za Tungamotaka

Nguo mpya ikiloweshwa, rangi yake huingia majini kidogo kidogo, na mfuaji huyaona maji yamebadilika kabla hajaona nguo imepauka. Kichocheo kigumu chenye metali nacho hupatwa na jambo hilohilo kinapowekwa ndani ya mmumunyo wa kemikali zitokanazo na mimea, kama furfurali, asidi ya levuliniki, gliseroli au sukari: atomu za nikeli, shaba au kobalti huachana na kibebeo chake, yaani kitu kigumu kinachozibeba, huingia kwenye kimiminika zikiwa ayoni, na nyingi hazirudi tena. Katika mwongozo huu jambo hilo naliita kuchujuka. Hoja ninayoisimamia ni kwamba tiba ianzie kwenye kimiminika na kwenye taratibu za kuwasha na kuzima riakta, yaani chombo ambamo mabadiliko ya kemikali hufanyika, kabla mtu hajafikiria kutengeneza kichocheo kipya, kwa sababu nimeona mara nyingi watafiti wakibadilisha kichocheo kizuri ilhali kosa lilikuwa kwenye saa moja ya kwanza ya jaribio.

Kemikali zitokanazo na tungamotaka, yaani mimea na mabaki yake, ni kali kwa metali kuliko zile za mafuta ya petroli. Molekuli zake zimejaa oksijeni, kwa hiyo nyingi hazivumilii kufanywa mvuke, na kazi hufanyika ndani ya kimiminika chenye maji, kwenye joto la nyuzi 100 hadi 250 za Selsiasi na chini ya shinikizo. Humo humo mna asidi za kikaboni, ama kama malighafi yenyewe ama kama mazao ya pembeni. Tena molekuli nyingi kati ya hizo zina makundi mawili au matatu ya oksijeni yaliyokaa karibu karibu, yanayoweza kuibana ayoni ya metali kutoka pande mbili kama kaa anavyobana kwa magando yake. Asidi ya glukoniki na asidi ya glisariki zina sifa hiyo.

Pima kwanza, na upime kukiwa bado na moto

Kipimo cha kwanza ni kuchuja kimiminika kikiwa kwenye joto la kazi. Subiri hadi karibu theluthi moja ya malighafi iwe imebadilika, kisha, bila kupooza riakta, toa kimiminika kupitia mrija wenye kichungi cha metali ya vinyweleo kwenye ncha yake ya ndani. Kimiminika hicho kiingie moja kwa moja katika riakta ya pili, safi na isiyo na kichocheo, iliyokwisha kupashwa hadi joto lilelile na kujazwa gesi ileile. Mabadiliko yakiendelea humo, metali iliyoyeyuka ndiyo inayofanya kazi, na kichocheo chako kigumu ni ghala tu la kuilisha. Yakisimama, usishangilie bado: umethibitisha kwamba metali iliyoyeyuka haichochei mabadiliko, lakini hujathibitisha kwamba hakuna iliyoyeyuka. Ayoni za nikeli, kwa mfano, zinaweza kujaa ndani ya maji bila kuongeza hidrojeni kwenye molekuli hata moja.

Sharti la joto linatokana na ukweli kwamba metali nyingi hurudi kwenye kibebeo kimiminika kinapopoa. Anayechuja baada ya kupooza hukuta maji safi na kuamini kichocheo kimetulia, ilhali dakika chache nyuma metali ilikuwa ikielea. Mwaka 1998 mwanakemia Roger Sheldon na wenzake waliandika kwa mkazo juu ya jambo hili walipojadili vichocheo vya kuoksidisha katika vimiminika, vikiwemo vile vya kromi iliyofungwa ndani ya madini yenye vinyweleo, ambavyo vilidhaniwa kuchochea vikiwa vigumu kumbe ni kiasi kidogo tu cha kromi iliyoyeyuka kilichokuwa kikifanya kazi.

Kipimo cha pili ni kuhesabu metali yenyewe kwa spektrometa ya plazma, ile ambayo mafundi wa maabara huiita ICP. Chuja sampuli kwa kichungi chenye matundu ya mikromita 0.2, itie asidi ya nitriki safi hadi ifikie asilimia 2 ili ayoni zisigande kwenye kuta za chupa, na kama ina kemikali nyingi za kikaboni, zichome kwanza kwa asidi ya nitriki katika chombo kilichofungwa. Sampuli za kulinganishia zitengenezwe kwa kiyeyushi kilekile, kwa sababu alkoholi na sukari hubadilisha mwanga wa plazma na kupotosha tarakimu. Kumbuka pia kwamba chembe ndogo za metali zinaweza kupenya kichungi hicho, na kwamba sumaku ya kukorogea husaga kichocheo kama jiwe la kusagia. Metali iliyosagwa na kupenya itahesabiwa kana kwamba imeyeyuka. Ukishuku hivyo, zungusha sampuli katika mashinepewa ya kasi kubwa, yaani mashine inayotenga chembe kwa kuzungusha, kisha upime tena.

Kuna kosa moja ambalo liliwahi kunigharimu wiki kadhaa. Nilikuwa nikipima nikeli iliyochujuka kutoka kwenye kichocheo cha nikeli, nayo ilizidi kuongezeka kila nilipoongeza joto, hata pale nilipopunguza kichocheo hadi nusu. Hatimaye niliendesha jaribio bila kichocheo chochote, nikaikuta nikeli ileile, pamoja na chuma na kromi: kuta za riakta ya chuma cha pua ndizo zilizokuwa zikiyeyuka katika asidi ya moto. Tangu hapo sianzi kazi yoyote bila jaribio tupu, na hutumia bitana ya kioo ndani ya riakta. Aloi ghali zinazouzwa kwa sifa ya kustahimili asidi nazo mara nyingi zina nikeli kuliko metali nyingine yoyote, kwa hiyo hazimwondolei mpimaji wa nikeli shaka hiyo.

Tarakimu zikishapatikana, zigeuze kuwa umri wa kichocheo. Gramu 1 ya kichocheo chenye asilimia 5 ya nikeli ina miligramu 50 za nikeli. Kimiminika kikipita juu yake kwa mililita 1 kila dakika, kwa siku hupita lita 1.44. Kama kinatoka na miligramu 1 tu ya nikeli kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kila siku zinaondoka miligramu 1.44, na katika siku 35 hivi nikeli yote imekwisha. Ndiyo maana kauli kama “kuchujuka kidogo sana” haina maana mpaka iambatane na kiasi cha kimiminika kilichopita na kiasi cha metali kilichokuwepo. Rangi ya kijani ya nikeli, ya samawati ya shaba au ya waridi ya kobalti ikishaonekana kwenye chupa, hasara ni kubwa na ya muda mrefu.

Vivyo hivyo, usikubali ushahidi wa kutumia kichocheo mara tano mfululizo kama kila mara malighafi yote ilibadilika. Kichocheo chenye nguvu mara tatu ya inayohitajika kinaweza kupoteza nusu ya metali yake na bado kikamaliza kazi ndani ya muda uliopangwa. Fupisha muda au punguza kichocheo hadi ubadilikaji ubaki kati ya asilimia 30 na 50, kisha linganisha kasi ya mwanzo ya kila mzunguko.

Kitibu kimiminika

Metali huondoka kwa sababu katika hali ya mmumunyo ule ayoni yake ni tulivu kuliko chembe yake. Nikeli, kobalti na chuma zina potensheli sanifu, yaani kipimo cha jinsi metali inavyoelekea kubaki metali badala ya kuwa ayoni, za volti −0.26, −0.28 na −0.44, maana yake asidi peke yake inatosha kuziyeyusha na kutoa hidrojeni. Shaba iko kwenye +0.34, kwa hiyo asidi haiiwezi bila msaada wa oksijeni au kioksidishaji kingine. Paladiamu na platinamu ziko juu zaidi, na kwa kawaida huondoka pale tu oksijeni au kloridi inapoingilia.

Wengi hutumaini kwamba hidrojeni ya shinikizo kubwa italinda nikeli. Inalinda, lakini si kwa kiasi wanachodhani. Ukikokotoa kwa nyuzi 25, chini ya hidrojeni ya angahewa 1, nikeli hubaki metali, ikiwa na ayoni zisizozidi mikromoli 1 kwa lita, pale tu pH inapokuwa juu kidogo ya 7. Ukipandisha hidrojeni hadi angahewa 100, mpaka huo hushuka kwa kizio kimoja tu cha pH. Sasa fikiria mmumunyo wa asidi ya levuliniki wa moli 1 kwa lita, ambao pH yake ni karibu 2.3. Hakuna pampu ya hidrojeni itakayofidia pengo la vizio vinne. Kurekebisha pH kunafaa kuliko kuongeza shinikizo, na ni rahisi zaidi.

Namna ya kurekebisha hutegemea kemikali unayotaka. Kutia besi kwenye asidi ya levuliniki kunaipunguzia ukali, lakini kunaigeuza chumvi, na chumvi hiyo ikiongezwa hidrojeni haifungi pete kuwa gama-valerolaktoni mpaka irudishiwe asidi. Njia ninayoipendelea ni kuanza na esta yake, kama etili levulinati, ndani ya alkoholi iliyokaushwa: zao la mwisho ni laktoni ileile, na asidi huru haipo kwa wingi. Maji yakiachwa yaingie, esta huvunjika na kurudisha asidi, kwa hiyo pima maji katika kiyeyushi kila unapokichota, si siku ya kununua tu. Asidi ya fomiki nayo ichunguzwe, kwani sukari ya heksosi inapovunjwa kuwa asidi ya levuliniki hutoa moli 1 ya fomiki kwa kila moli 1 ya levuliniki, na fomiki ndiyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Itoe kwa kukeneka kabla ya mmumunyo kufika kwenye kichocheo.

Furfurali inahitaji uangalizi wa namna yake. Ikikaa hewani hugeuka kutoka rangi ya majani makavu hadi nyeusi kama lami, na njiani hutengeneza asidi. Mtu anayechukua chupa iliyofunguliwa miezi mingi nyuma na kuimimina juu ya kichocheo cha shaba anaipa shaba hiyo asidi na oksijeni kwa pamoja, yaani vitu viwili vinavyohitajika kuiyeyusha. Ikeneke chini ya shinikizo dogo, ihifadhi kwenye baridi, gizani, chini ya nitrojeni, na uitumie ikiwa bado haina rangi nzito. Inapowezekana, ibadilishe ikiwa mvuke juu ya kichocheo cha shaba, kwa kuwa pasipo kimiminika hapana kuchujuka, ingawa kaboni itaanza kuganda juu ya kichocheo na itabidi ichomwe mara kwa mara.

Kloridi ni adui wa paladiamu, platinamu na rutheniamu, kwa kuwa huzizunguka ayoni zake na kuzifanya ziridhike kubaki majini. Mara nyingi haitoki kwenye malighafi bali kwenye chumvi iliyotumika kutengenezea kichocheo, kama kloridi ya rutheniamu. Osha kichocheo kwa maji safi ya uvuguvugu, na kila baada ya kuosha chukua matone ya maji yaliyotoka uyatie nitrati ya fedha. Maziwa meupe yakitokea, endelea kuosha. Acha tu maji yanapobaki angavu mara mbili mfululizo.

Katika kuoksidisha, kwa mfano kugeuza hidroksimethilifurfurali, yaani HMF, kuwa asidi ya furani dikaboksili, zao lenyewe ni asidi inayong'ang'ania kichocheo. Wengine hukwepa kutia besi kwa kuweka dhahabu juu ya hidrotalsiti, ambayo ni kibebeo chenye ubesi. Kinachotokea ni kwamba asidi huyeyusha magnesi ya kibebeo, na kibebeo huliwa kama besi ya kawaida ambayo ingetiwa kwa kijiko. Ni heri kutia besi iliyopimwa waziwazi na kuacha kibebeo kifanye kazi ya kubeba. Kiasi cha oksijeni nacho kidhibitiwe kisizidi kile ambacho mmenyuko unakula, ili uso wa platinamu usiwe oksidi.

Saa ya kwanza na saa ya mwisho

Kichocheo cha nikeli au kobalti kilichokaa kwenye chupa kina ngozi nyembamba ya oksidi, hata kama kilitengenezwa vizuri. Ngozi hiyo huyeyuka katika asidi kwa haraka kuliko metali yenyewe, na ukikitumbukiza kichocheo hicho moja kwa moja katika asidi ya levuliniki baridi, ukafunga riakta, ukaanza kupasha taratibu, umeipa asidi nusu saa au zaidi ya kula oksidi kabla hidrojeni haijawa na moto wa kutosha kuigeuza metali. Mtafiti huona upotevu mkubwa katika mzunguko wa kwanza na mdogo katika ile inayofuata, kisha huandika kwamba kichocheo “kimetulia”. Hakikutulia, kilivuliwa ngozi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Weka kichocheo kikiwa kikavu ndani ya riakta, fukuza hewa kwa nitrojeni mara tatu, kisha ingiza hidrojeni na upashe ili kuondoa oksijeni kwenye metali: shaba huhitaji nyuzi 200 hadi 300, nikeli kwa kawaida 400 hadi 500, na nikeli iliyoungana na alumina, yaani oksidi ya alumini, kuwa fuwele ya spineli huhitaji joto kubwa zaidi. Kama riakta yako haistahimili joto hilo, fanya kazi hiyo kwenye mrija wa kioo cha kwatzi, halafu hamishia kichocheo kwenye kiyeyushi kilichoondolewa hewa, bila kukionyesha hewa hata kidogo. Pooza chini ya hidrojeni hadi joto la kazi. Mmumunyo wa malighafi, ambao umepuliziwa nitrojeni kwa angalau nusu saa ili kutoa oksijeni iliyoyeyuka, uingizwe kwa pampu ukiwa wa mwisho, hidrojeni ikiwa tayari imejaa.

Kuzima ni kinyume chake, na ndiko kunakosahauliwa. Kimiminika chenye asidi kisiachwe kikilala usiku kucha juu ya kichocheo huku shinikizo likiwa limeshushwa na hewa ikinyemelea kupitia vali. Kitoe chini ya hidrojeni, suuza kichocheo kwa kiyeyushi safi kisicho na hewa, kisha pooza. Ukilazimika kukifungua, kumbuka kwamba nikeli iliyoondolewa oksijeni inaweza kuwaka yenyewe ikikutana na hewa ghafla. Ilishe kwanza nitrojeni yenye oksijeni isiyozidi asilimia 1 huku ukiangalia kipimajoto cha kitanda, yaani rundo la kichocheo ndani ya riakta. Baada ya kuchoma kaboni iliyoganda, metali huwa imerudi kuwa oksidi, na kurudisha malighafi bila kupitia hidrojeni upya ni kurudia kosa la siku ya kwanza.

Kuchagua metali na kibebeo

Yaliyotangulia yakishafanywa na metali bado inaondoka, sasa ni halali kubadilisha kichocheo. Rutheniamu juu ya kaboni hustahimili asidi ya levuliniki na mimumunyo ya sukari kuliko nikeli. Katika kugeuza glukosi kuwa sobitoli, nikeli ya Raney, yaani nikeli yenye matundu kama sifongo, huchujuka na kuwalazimu wazalishaji kuisafisha bidhaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya rutheniamu kupendelewa licha ya bei yake. Ukibaki na metali za bei nafuu, shaba ina msimamo kuliko nikeli kama oksijeni imezuiwa kabisa.

Kibebeo kinaweza kuangusha metali hata kama yenyewe ni imara. Gama-alumina, inayopendwa kwa kuwa rahisi na yenye uso mpana, hugeuka kuwa boemiti, yaani alumina iliyoshikana na maji, ndani ya maji ya nyuzi 200 kwa saa kadhaa tu: kuta za vinyweleo huporomoka, na metali iliyokuwa imeshika ukuta huzikwa au huachiliwa. Silika huyeyuka katika maji ya moto, na upesi zaidi katika besi. Silika zenye vinyweleo vilivyopangwa, ambazo hupendeza sana kwenye picha za hadubini, ndizo za kwanza kuanguka. Kwa maji ya moto nachagua kaboni, titania au zirkonia, hizi mbili zikiwa oksidi za titani na zirkoni. Kaboni iliyotiwa nitrojeni ina faida ya ziada, kwani atomu za nitrojeni huishika metali kwa nguvu kuliko uso laini wa kaboni tupu. Kabla ya kuweka metali yoyote, chemsha kibebeo kitupu katika mmumunyo wako kwa saa 24 kwenye joto la kazi, kikaushe, upime upya uso wake na miale-X yake. Jaribio hilo la siku moja huokoa miezi.

Kufunika metali

Njia ya mwisho, na ya gharama, ni kuifunika metali kwa tabaka jembamba la oksidi. Atomu zinazoondoka kwanza ni zile zilizokaa kwenye kona na kingo za chembe, kwa sababu zina majirani wachache wa kuzishika. Oksidi ikitandazwa tabaka moja la atomu baada ya jingine, hukaa hasa juu ya kona na kingo hizo na kuacha sehemu bapa wazi. Mwaka 2013 kundi la James Dumesic wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, lilionyesha kwamba shaba iliyofunikwa kwa alumina namna hii huacha kuchujuka na kuungana chembe kwa chembe wakati furfurali inapoongezewa hidrojeni katika kimiminika. Funiko likishawekwa hupashwa moto mkali ili lipasuke vinyweleo, kwani bila hivyo malighafi haiifikii metali. Kwa kazi za maji yenye asidi, funiko la titania lina mantiki zaidi kuliko la alumina kwa sababu nilizozitaja kuhusu vibebeo.

Kwenye titania kuna njia isiyohitaji mashine ya pekee. Mwaka 1978 mwanakemia Tauster na wenzake walieleza mvutano mkali kati ya metali na kibebeo, na baadaye ikajulikana kwamba kupasha metali adimu kama platinamu juu ya titania katika hidrojeni ya nyuzi 500 hivi hufanya oksidi itambae juu ya chembe za metali. Kiasi cha kutambaa kikidhibitiwa, kingo hufunikwa na kazi huendelea. Kikizidi, chembe nzima huzimwa. Pima kasi ya mmenyuko baada ya kila ongezeko la nyuzi 50, usimame kasi inapoanza kushuka kwa nguvu.

Kichocheo kilichofunikwa kiendeshwe katika riakta ya kupitisha, ambamo kimiminika hupita juu ya kichocheo bila kukoma, kwa saa 100 au zaidi, sampuli ikichukuliwa kila baada ya saa 10 kwa ajili ya ICP. Mwishoni kitoe, kiyeyushe chote kwa asidi, upime metali iliyobaki, na uijumlishe na ile iliyotoka na kimiminika. Jumla isipofikia kiasi cha mwanzo, tafuta kwenye kuta za mirija iliyopo baada ya kitanda, mahali joto linaposhuka: metali iliyoyeyuka hupenda kuganda hapo, na utando mweusi unaobaki kwenye kitambaa cheupe ukiisugua mirija hiyo ndiyo sehemu ya hesabu uliyokuwa ukiikosa.